Chini ya Mzinga wa Baba

Nthenya alikuwa amedanganya, tena alikuwa amemtia Mungu ndani ya uongo wake. "Naenda mazoezi ya kwaya Mbumbuni," alimwambia mama yake, akachukua kitabu cha nyimbo, akajifunga leso kichwani, akatoka kwa mwendo wa mtu mwenye haraka ya kumsifu Bwana. Alipofika njia panda hakushika barabara ya kanisani. Alishuka bondeni, kitabu kikiwa kwapani, moyo ukimdunda hadi akaona kama kila mtu aliyekuwa akilima anausikia.

Kuna woga wa nyoka na kuna woga wa baba. Wa nyoka huisha ukishapita kichaka. Wa baba unatembea nao, unalala nao, unaamka nao, hata ukiwa mwanamke mzima mwenye cherehani yako na wateja wako pale soko la Tawa.

Mulwa alikuwa akimngoja ukingoni mwa mto wa mchanga, mikono mfukoni, macho njiani. Alipomwona hakukimbia kumlaki. Alisimama tu akamtazama, na kwa muda Nthenya akasahau jambo baya alilokuwa amekuja kulisema.

"Umekuja," Mulwa alisema.

"Nimekuja."

"Na hicho kitabu?"

"Si niko kwaya."

Mulwa alicheka. Nthenya hakuweza kucheka. Uso wake ulikuwa umekauka, na alikuwa akigeuka nyuma kila mara kama mtu anayefuatwa.

"Njoo uone kazi ya mikono yako," Mulwa alisema, akamshika mkono.

Mulwa alikuwa mtu wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni wa Nairobi vilima vya Mbooni na kuwalaza porini, si katika hema bali katika bembea za kitambaa zinazofungwa kati ya miti miwili. Wageni wenyewe huziita hamoki. Nthenya ndiye aliyezishona. Mulwa alipoleta kitambaa cha kwanza alisimama kando ya cherehani akauliza maswali mengi ya uzi. Alipoleta cha pili, bembea ya kwanza ilikuwa haijaguswa hata na vumbi. Akina mama wa sokoni wakaanza kukohoa kila alipotokea, na kikohozi hicho wewe unakijua.

Habari zikamfikia Mzee Munyao, babake Nthenya, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Mtu wa ng'ambo ya Athi simtaki," alisema siku hiyo mezani. "Hao ni wachawi, watu wa kamuti. Atakutilia dawa umfuate kama mbuzi. Tena hana nyumba, analala juu ya miti kama ngedere. Wewe umeona wapi ngedere akioa?"

Nthenya alikuwa ameinamia sahani yake. 

Sasa alisimama mbele ya mojawapo ya bembea hizo. Ilikuwa imefungwa kati ya mikwaju miwili, imezungukwa na vichaka, juu yake turubai la kijani limetandazwa kuzuia mvua. Neti ya mbu ilikuwa imeshonewa pande zote, na zipu ndefu ubavuni. Kitambaa cha chini kilikuwa mara mbili. Nthenya alijua kila mshono.

"Keti," Mulwa alisema. "Wageni watalala hapa wiki ijayo, nimekuja kupajaribu kwanza."

"Tukiketi wawili itapasuka. Niliishona ya mtu mmoja."

"Fundi haamini kazi yake?"

Wakaketi kiubavu, miguu chini, bega kwa bega. Kamba zililia kidogo kisha zikanyamaza. Nthenya alitazama mgunga mkubwa uliokuwa hatua chache mbele yao.

"Mbona hukufunga kwa ule? Una kivuli kizuri."

"Tazama juu. Unaona lile tawi? Halina jani hata moja, gamba limebanduka. Limekufa. Watu wakija porini wanatazama chini tu, nyoka, nyoka. Mimi natazama juu kwanza. Nyoka atakimbia akisikia miguu yako, lakini tawi lililokufa halipigi hodi." Alimgeukia. "Haya, sema. Tangu ufike unameza mate."

"Jumamosi wanakuja."

"Nani?"

"Watu wa Ben. Na mbuzi wa ntheo."

Mulwa aliacha kutingisha mguu. Ben alikuwa mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kikima, kijana mpole, hana ubaya na mtu. Lakini mbuzi wa ntheo si mchezo. Ukambani wakishaingia bomani na baba akawapokea, mambo yamekwisha. Harusi ya kanisani inaweza kungoja hata mwaka, lakini msichana amekuwa mke wa watu.

"Na wewe umesema nini?"

"Mimi? Kwani nani ameniuliza?"

"Basi mwambie baba yako."

"Mwambie wewe!"

"Si nilikuja? Akanifungulia mbwa."

"Mulwa, usinichekeshe, aki. Naogopa." Machozi yalikuwa yameshafika. "Namwogopa baba tangu nikiwa mdogo. Hajawahi kunipiga hata kofi. Ananitazama tu, na maneno yote yananiisha. Jumamosi ataniita mbele ya wageni aniulize kama mbuzi wapokewe, na nitasema ndiyo. Najijua. Nitasema ndiyo huku nakufa."

 Jua lilikuwa limezama nyuma ya vilima na mawingu mazito yalikuwa yakija kutoka upande wa Kitui.

"Kwa hivyo leo umekuja kuniaga," Mulwa alisema.

Nthenya hakuthubutu kumtazama. Aliinua macho juu ili machozi yasimwagike, na hapo ndipo alipouona mzinga. Ulikuwa umetundikwa kwenye ule mgunga, juu kidogo ya tawi lililokufa, gogo refu lililochongwa, na nyuki wachache wakizunguka mlangoni pake.

"Mulwa, ule mzinga ni wa nani?"

"Sijui. Nimeuona, na hiyo ni sababu nyingine ya kufunga huku kando. Ukiwaachia nyuki mambo yao, nao wanakuachia yako."

"Una alama?"

"Mistari miwili na duara."

Nthenya aliijua alama hiyo. Mistari miwili na duara ilikuwa kwenye kigoda cha baba yake. Ilikuwa kwenye masikio ya mbuzi wao na kwenye mlango wa ghala.

"Woi, Mulwa. Ni wa baba."

"Na hukujua?"

"Kwetu wasichana hawaonyeshwi mizinga, mwanamke hafiki huku! Nyumbani wanaosha vibuyu tangu asubuhi, ni vya asali ya wageni. Atakuja kurina. Amka, tuondoke, tuondoke sasa hivi!"

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Kabla hawajainuka, Nthenya alisikia harufu ya moshi. Kisha akasikia sauti nene ikiguna wimbo wa kanisani, ule wa kufunga ibada, ikipanda kutoka mtoni. Angeijua sauti hiyo hata usingizini.

Mulwa alimvuta chini. Wakalala ndani ya bembea, wamebanana, magoti yamekunjwa, kifua cha Mulwa mgongoni mwa Nthenya. Kamba zililia tena. Kwa miezi mingi Nthenya alikuwa ametamani kuegemea kifua hicho, na sasa alikuwa amekiegemea, na hakufurahia hata kidogo. Alihisi moyo wa Mulwa ukipiga. Naye anaogopa, alifikiri, na hilo likamzidishia hofu.

"Usitingishike," Mulwa alinong'ona.

Mzee Munyao alitokea kwenye uwazi, mwenge wa majani makavu ukifuka mkononi, kibuyu begani. Alivua viatu, akavua koti, akalitundika kichakani. Lau angegeuka upande huu na kutazama vizuri, angewaona. Ila macho ya mzee yalikuwa yameanza kumwangusha jioni, jambo ambalo nyumba nzima ililijua na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Alishika shina la mgunga akainamisha kichwa.

"Bwana," alisema kwa sauti ya mtu anayedhani yuko peke yake, "nipe asali ya kutosha, watu wasiseme nyumba yangu ni kavu. Na yule mtoto wangu, mtazame. Siku hizi hacheki. Namuuliza mama yake, naye hanijibu. Sijui nimekosea wapi. Amina."

Nthenya aliuma leso yake. Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema hajui kitu.

Mzee akaanza kupanda. Alipanda polepole, mwenge kwa mkono mmoja, akihema. Alifika penye panda ya kwanza. Akapumzika. Akainua mguu, akapapasa hewani, akatafuta pa kukanyaga karibu na mzinga. Mguu ukagusa lile tawi lisilo na jani. Akalijaribu kwa uzito kidogo.

Vidole vya Mulwa vilimkaza Nthenya mkononi. Akinyamaza, baba yake angeanguka kutoka juu kule kwenye mizizi na mawe. Akipiga kelele, yote yangejulikana, uongo, kwaya, mwanaume, kulala porini, na baba yake angemtazama kwa yale macho. Koo lilimkauka kama linavyokauka siku zote. Mulwa alifungua mdomo ili aseme yeye, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Baba! Usikanyage! Tawi limekufa! Baba, rudisha mguu!"

Ilikuwa sauti kubwa, ya kutoka tumboni, mpaka ng'ambo ya mto ikaitika. Mzee aliurudisha mguu akalikumbatia shina. "Nthenya?" alisema. Tawi lile lilikuwa limeshalemewa. Lilivunjika kwa mlio wa kutisha, likaupiga mzinga, na vyote viwili vikashuka chini pamoja. Mzinga ulipasuka kwenye jiwe.

Wewe kama hujawahi kusikia mzinga uliopasuka, omba usisikie. Kulikuwa na kimya kidogo, kisha ardhi ikaanza kunguruma.

"Shuka, mzee! Shuka!" Mulwa alikuwa ameshafika chini ya mti. Alimpokea mzee kiunoni, wakaanguka pamoja, akamwinua, akamkokota hadi kwenye bembea akamsukuma ndani juu ya Nthenya kama gunia. "Jikunyateni katikati! Msiguse neti!"

"Ingia na wewe!" Nthenya alilia.

"Haitoshi! Uliishona ya mtu mmoja!"

Akafunga zipu kwa nje. Nthenya alimwona akinyakua koti la baba yake, akilipunga juu ya kichwa, akipiga kelele kama mwendawazimu, kisha akakimbia kuelekea mtoni na wingu jeusi likamfuata.

Nyuki wengine walibaki. Walitambaa juu ya neti pande zote hadi mwanga ukapungua. Wachache walikuwa wameingia pamoja na mzee, na Nthenya aliwaponda kwa kitabu cha nyimbo, mmoja mmoja, akisema "Yesu, Yesu" bila kujua anasema. Alichomwa shavuni, akachomwa shingoni. Bembea iliyumba, kamba zikalia, na chini yao mishono ikawa inatoa mlio mdogo, tik, tik, kila mzee alipohema. Nthenya alikumbuka jioni ile alipokuwa akiishona, uzi ulivyokuwa ukikatika kila mara kwa sababu Mulwa alikuwa amesimama karibu. Mungu wangu, alisema moyoni, niliangalia mshono au nilimwangalia yeye?

Baba na binti walikuwa uso kwa uso, pua karibu kugusana. Hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu Nthenya aache kubebwa.

"Mazoezi ya kwaya yamehamia huku siku hizi?" Mzee Munyao aliuliza.

Nthenya alilia.

"Yule ni nani?"

"Ni Mulwa, baba."

"Wa Kitui?"

"Ndiyo, baba."

"Na hiki tulichomo ni kitu gani?"

"Ni kitanda chake cha porini. Nilikishona mimi."

Mzee alikuwa akimtazama kwa yale macho. Nthenya alisubiri maneno yamwishe kama kawaida. Lakini koo lilikuwa limeshafunguka kwa sababu ya lile tawi na halikujua tena kujifunga.

"Baba, Jumamosi usipokee wale mbuzi."

"Unasema?"

"Usiwapokee. Ben ni mtu mzuri lakini simtaki. Namtaka yule aliye huko nje, kama bado yuko."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?" Mzee aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Unaniogopa mimi?"

Wakati huo Nthenya aligundua jambo. Kelele za Mulwa zilikuwa zimekoma.

"Mulwa!" aliita. "Mulwa!"

Nyuki tu. Aliita tena na tena. Watu wamekufa kwa nyuki, yeye anawajua, amewaimbia makaburini. Alijiona amesimama kando ya kaburi na kitabu hiki hiki mkononi. Tone la mvua liligonga turubai, halafu jingine, halafu mvua ikaanza kunyesha kwa nguvu na nyuki wakaanza kujiondokea kwenye neti, makundi kwa makundi.

Aliingiza vidole kwenye zipu.

"Usifungue," baba yake alisema. "Bado wako wengine. Watatuua."

"Basi watuue."

Akafungua. Alikimbia bila viatu, akiteleza, mvua ikimpiga usoni, akifuata nyayo mchangani. Nyuma yake alisikia baba yake akikimbia pia, akihema, akiita, "Nthenya, ngoja! Ngoja, mwanangu!"

Walimkuta kwenye shimo la kuchotea maji katikati ya mto mkavu. Alikuwa amejitumbukiza humo hadi mabegani, koti la mzee limefunika kichwa. Hakuwa akitingishika. Nthenya alipiga magoti akaliondoa koti. Uso uliokuwa chini yake hakuutambua. Macho yalikuwa yamezibwa na uvimbe, midomo imefura.

"Mulwa. Mulwa, ni mimi. Usinifanyie hivi. Woi, Mulwa, jamani!"

Midomo ile ilijaribu neno, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Mshono," Mulwa alisema. "Umeshika?"

"Umeshika," Nthenya alisema huku akilia kwa sauti. "Umeshika, mjinga wewe, umeshika."

Walimtoa majini na kumlaza juu ya mchanga. Mzee Munyao aliweka sikio kwenye kifua chake, akasikiliza kooni. Nthenya alisubiri, na hajawahi kusubiri kitu kama alivyosubiri uso ule uinuke.

"Koo liko wazi," mzee alisema. "Atavimba, lakini atapumua. Tukimaliza hapa tunampeleka Tawa kwa daktari."

Akatoa kisu chake cha kurinia, akaanza kuparuza miiba kwenye shingo ya kijana, polepole, kwa ubapa wa kisu.  Mvua ilikuwa imepungua.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Kwenu Kitui mnatundika mizinga?"

"Ndiyo, mzee. Babu yangu alikuwa nayo mingi."

"Mtu akiangusha mzinga wa mwenyewe, inakuwaje?"

Mulwa alimeza mate kwa shida. "Anarudi na mzinga mpya, mzee. Na mbuzi. Na wazee wa kwao, wamwombee msamaha."

"Baba, si yeye aliyeuangusha," Nthenya alidakia. "Ni lile tawi, na wewe ulikuwa..."

"Sijakuuliza wewe." Kisu kilihamia sikioni. "Mzinga wangu umeanguka. Asali ya Jumamosi imemwagika. Siwezi kuwakaribisha watu wa Ben kwenye nyumba kavu, hiyo ni aibu. Nitawaambia wasije, na sitawaficha sababu. Lakini chakula kitakuwa kimepikwa, na wazee wetu nimeshawaita, watakuwa wameketi. Mtu mwenye kosa la mzinga angeweza kuja siku hiyo na watu wake."

Mulwa alijaribu kufungua jicho moja. "Jumamosi, mzee?"

"Kwani masikio nayo yamevimba?"

Nthenya alikuwa ameshika mkono wa Mulwa kwa mikono yote miwili na hakukumbuka kuuficha. Baba yake aliuona mkono huo. Kisha akamtazama usoni, kwa macho yale yale ya siku zote, na woga wa zamani ukampanda Nthenya mgongoni.

"Na wewe," Mzee Munyao alisema. "Nitakuita mbele ya watu wote nikuulize kama mbuzi wa huyu wapokewe. Utasema nini?"

Nthenya alifungua mdomo. Neno lilitoka dogo, kama pumzi.

"Ndiyo, baba."

Mzee alitikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake ya miiba.

"Sijasikia," alisema. "Siku hiyo useme kwa ile sauti uliyoniitia nikiwa juu ya mti."